Zoezi la Picha Kila Wiki, Picha Hazibadiliki: Kutafuta Kiini cha Tatizo

Umejipangia zoezi la mpangilio wa picha kila wiki. Wiki hii mistari, ijayo vivuli, inayofuata fremu ndani ya fremu. Unatoka na simu au kamera, unazunguka Kisumu kuanzia bandarini hadi Kondele, unarudi na picha, na ukiziweka kando ya zile za miezi iliyopita huoni tofauti. Wengi wakifika hapo hulaumu kifaa, au huamua kwamba hawakujaliwa jicho. Mimi naona mara nyingi shida iko kwenye namna zoezi lilivyowekwa na kwenye kile kinachofanyika baada ya kupiga, na unaweza kuipata mwenyewe ukijua pa kuangalia.

Pa kuangalia ni mfululizo mzima wa picha za zoezi, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na zile mbovu. Picha moja nzuri haikuambii uliifikiaje. Picha kumi na tano mbovu zilizoitangulia zinakuambia ulisimama wapi, ulisogea lini, na uliacha kujaribu wakati gani. Kwa hiyo usifute chochote ukiwa bado uwanjani. Rudi nyumbani, zipange kwa saa zilivyopigwa, zitazame zikiwa ndogo ndogo kwenye skrini, kisha uzilinganishe na dalili zifuatazo.

Mada tofauti, picha zilezile

Ukizitazama zikiwa ndogo, vichwa vya watu vina ukubwa uleule, upeo wa macho unakata picha mahali palepale, na kila kitu kiko umbali wa hatua nne au tano. Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na chanzo chake ni rahisi: unapiga ukiwa palepale ulipokuwa ulipokiona kitu. Na kwa kuwa unaona vitu ukiwa umesimama, kamera nayo inabaki kwenye kimo cha macho yako. Chanzo cha pili ni vidole. Unavuta picha kwenye skrini badala ya kutembea. Simu ikishapita uwezo wa lenzi zake haikusogezi popote, inakata tu kipande cha katikati na kukikuza.

Dawa yake ni zoezi la kitu kimoja, picha ishirini. Chagua tuktuk iliyoegeshwa, kibanda cha fundi viatu, au mti mmoja. Sharti ni kwamba picha mbili zisipigwe kutoka mahali pamoja wala kutoka kimo kimoja. Zile tano za kwanza zitakuwa za kawaida na hazina neno. Baada ya hapo utaanza kuchuchumaa, kuzunguka nyuma, kupenyeza kamera chini ya kiti.

Jaribu Kibuye siku ya Jumapili soko linapofurika. Rundo la mitumba ukilipiga kutoka juu ni rangi tupu. Ukilala karibu na ardhi linakuwa kilima, na uso wa muuzaji unachomoza kwa juu. Ukiomba kuingia ndani ya kibanda na kupiga kuelekea nje, magauni yaliyotundikwa yanakuwa giza pande zote mbili na mteja anabaki kati kwenye mwanga. Rundo halijasogea hata kidogo.

Nyumbani, tafuta picha ilianza kubadilika kwenye namba ya ngapi. Ikiwa haikubadilika mpaka ya ishirini, ulipiga haraka mno. Rudia palepale saa nyingine.

Kujifunga kwa lenzi moja kunasaidia pia. Henri Cartier-Bresson, mpiga picha Mfaransa aliyefariki 2004, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya milimita 50, na hakuonekana kupungukiwa. Milimita zikipungua, lenzi huona eneo pana zaidi. Lenzi kuu ya simu nyingi huona upana unaolingana na ule wa lenzi ya milimita 24 hadi 28, kwa hiyo inataka usogee karibu zaidi ya unavyodhani.

Mhusika yuko kwenye theluthi, lakini picha imelala

Gridi, ile mistari inayoigawa skrini kwa theluthi, umeiwasha, mvuvi wa ufuo wa Dunga kasimama pale mistari inapokutana upande wa kulia, ziwa limejaa kushoto, na bado picha haina uhai. Kagua mambo matatu, kwa mpangilio huu.

La kwanza ni macho yake. Mtu aliyewekwa kulia akitazama kulia anatoka nje ya picha, na mtazamaji anatoka naye. Subiri ageuke, au uhamie upande wa pili wa mashua. Kuna nyakati kumbana mtu ukingoni kunafaa, ukitaka tuhisi safari au kukosa nafasi, mradi uwe umeamua hivyo.

La pili ni zile theluthi mbili zilizobaki: zina kazi gani? Hapa ndipo zoezi la theluthi huharibika. John Thomas Smith, msanii Mwingereza aliyeipa kanuni ya theluthi jina mwaka 1797, alikuwa akizungumzia uwiano katika picha za kuchora: anga lichukue kiasi gani na ardhi kiasi gani, ili sehemu hizo zisilingane zikaanza kushindana. Sisi tumevikazania vile vitone vinne vya kwenye skrini, pale mistari ya gridi inapokutana. Ukirudi kwenye uwiano, swali linabadilika. Huulizi tena mvuvi akae kwenye kitone kipi, unauliza maji yanastahili nafasi kiasi gani.

Asubuhi ziwa likiwa limetulia, maji matupu yana kazi kubwa, kwa sababu yanamfanya mvuvi aonekane peke yake. Lakini upepo ukisukuma gugu maji hadi ufuoni, nafasi hiyo si tupu tena. Ni maelfu ya majani mabichi na maua ya zambarau, kila moja likidai kutazamwa, na mvuvi anamezwa humo. Kwa siku kama hiyo theluthi mbili ni nyingi mno. Sogea mpaka mvuvi ajaze fremu na majani yabaki ukanda mwembamba chini.

La tatu ni tofauti ya mwanga kati ya mhusika na kilicho nyuma yake. Finya macho mpaka ubaki kuona giza na weupe tu. Ikiwa mvuvi anapotea, hakuna kanuni itakayomwokoa. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe la saa tano asubuhi, simu hupima mwanga wa anga na uso wake unageuka doa. Gusa uso kwenye skrini, shikilia kidole mpaka mwanga ujifunge, kisha panga fremu upya. Au fanya lililo bora zaidi: mzunguke mpaka nyuma yake kuwe na mafunjo badala ya anga.

Zoezi la kurekebisha hili halihusu vitone kabisa. Chukua mashua moja. Ipige ikiwa imechukua nusu ya fremu, kisha theluthi, kisha sehemu ndogo kiasi kwamba mtu lazima aitafute, kisha katikati kabisa. Katikati si kosa. Uso unaokutazama moja kwa moja, mlango, na mashua iliyo juu ya kivuli chake majini mara nyingi hupendeza hapo kuliko popote.

Kitu kinamea kichwani mwa mtu

Mama anayeuza samaki ametabasamu vizuri, mwanga ni mzuri, na mlingoti wa mwavuli umesimama wima juu ya kilemba chake. Pembeni kuna jerikeni ya manjano inayovuta jicho kuliko yeye. Upigapo picha ufuoni, mstari wa ziwa nao hupenda kupita shingoni mwa watu.

Chanzo ni kwamba macho yako yanaona unachokijali na kuacha mengine, ilhali kamera haina upendeleo. Simu ina kihisi kidogo, kile kipande kinachopokea mwanga, hivyo vitu vya mbele na vya nyuma vyote hutoka vikiwa na makali karibu sawa. Wengi hukimbilia ile programu ya kutia ukungu nyuma ya mtu. Siipendi kama tiba ya mpangilio. Inakata nywele na masikio vibaya, na mlingoti uliotiwa ukungu bado ni mlingoti.

Kabla ya kubonyeza, pitisha jicho kwenye kingo nne za fremu, kisha lizungushe kichwa cha mhusika. Nusu hatua kushoto inautoa mlingoti. Kuchuchumaa kidogo kunakinyanyua kichwa juu ya mstari wa ziwa. Jerikeni unaweza kuomba isogezwe.

Zoezi linalotibu tabia hii moja kwa moja ni kuanza na mandharinyuma. Chagua ukuta wa rangi moja au nguzo za veranda ya duka la zamani kwenye barabara ya Oginga Odinga. Panga fremu yako ikiwa tupu, hakikisha kingo ni safi, kisha subiri mtu aingie. Mwenye baiskeli atapita, mwanafunzi atapita, mwenye mkokoteni atapita. Utapiga picha chache kuliko kawaida. Ukiziweka kwenye mfululizo utaona fremu haibadiliki, kinachobadilika ni mtu, na utajifunza tofauti kati ya mguu ulionyanyuka na mguu uliokanyaga.

Mistari mizuri isiyofika popote

Mada ya mistari ikitajwa, huku kwetu watu hukimbilia reli, njia kati ya michai ya Kericho, au daraja la mbao linalopita kwenye mafunjo ya Dunga. Mistari hiyo ni mizuri. Shida ni kwamba jicho linaifuata hadi mwisho na kukuta hakuna kitu.

Amua kwanza mwisho wa mstari una nini, ndipo upige. Kwenye michai, subiri mchumaji mwenye kikapu mgongoni afike pale njia inapopinda. Ikiwa hakuna atakayepita, tafuta mstari mfupi zaidi: kamba ya mashua inayotoka chini ya fremu hadi kwenye mkono unaoivuta inafanya kazi kuliko kilomita nzima ya reli. Tazama pia mstari unaingilia wapi. Ukianzia kwenye kona ya chini unalivuta jicho ndani, ukikata picha katikati kutoka upande hadi upande unalizuia.

Na reli iliyofika ziwani mwaka 1901 bado ni reli. Usisimame juu yake.

Menengai imegeuka tuta

Umesimama ukingoni mwa kreta ya Menengai, lile shimo kubwa la volkano juu ya Nakuru, moyo umejaa. Kwenye simu umeona bonde la kijani lisilo na kina na anga jeupe. Hali ni hiyohiyo kwa Kit Mikayi, mawe marefu yanayotisha ukiwa chini yake na yanayoonekana kama kokoto kwenye picha.

Lenzi pana hupunguza vitu vya mbali, na picha yako haina kitu cha kupimia. Tia mtu. Mwambie asimame ukingoni umbali wa hatua thelathini au arobaini kutoka kwako, mahali salama, awe mdogo lakini aonekane wazi dhidi ya bonde. Kisha tia kitu cha karibu: tawi la leleshwa, jiwe jeusi, nyasi ndefu, kwenye theluthi ya chini. Jicho likipanda kutoka kwenye nyasi hadi kwa mtu hadi ukuta wa pili wa kreta, kina kinarudi. Ikiwa simu yako ina lenzi ya pili inayovuta mbali, jaribu pia kupiga kipande tu cha ukuta wa kreta na kivuli cha wingu kinachopita juu yake. Mandhari kubwa haidai kuingia yote.

Mpangilio ni sahihi, mwanga unauharibu

Hili linatupata zaidi sisi tunaoishi karibu na ikweta. Mashauri mengi ya upigaji picha yameandikwa na watu ambao kwao jua huchwea likiinama polepole, na jioni yao yenye rangi ya dhahabu ni ndefu. Kisumu jua hushuka karibu wima. Huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na mwanga ule mzuri wa chini hudumu kama nusu saa. Ukitoka kazini saa kumi na mbili na kuanza kutafuta mada, umeshachelewa. Mahali na mhusika vichaguliwe siku nyingine, jioni iwe ya kupiga tu. Jiji liko mashariki mwa ghuba, kwa hiyo jioni jua linakuwa upande wa maji, na watu wa ufuoni hugeuka vivuli vyeusi. Wapangie hivyo: watenganishe, mikono isishikane na miili, wavu uonekane umbo lake. Asubuhi mambo hugeuka. Jua hutoka upande wa nchi kavu na kuwaangaza walio kwenye mashua usoni.

Mchana usiukimbie, ufanye uwe mada. Mwezi Machi na Septemba jua hupita utosini kabisa, karibu saa saba kasorobo, na vivuli hujikunja miguuni. Huo ni wakati wa kuingia chini ya mabati. Kwenye kibanda chenye mlango mmoja, mwanga huingia laini kutoka upande mmoja tu, na uso uliogeuzwa kuelekea mlangoni unapata umbo ambalo nje hauwezi kulipata. Ni wakati pia wa kupiga kutoka juu kwenda chini, kama omena iliyoanikwa kwenye nyavu: rangi ya fedha tupu kutoka ukingo hadi ukingo, na mkono mmoja unaoigeuza ukivunja ule usawa. Bila mkono ni kitambaa tu. Subiri mkono.

Wingu la mvua linalojenga alasiri nalo lisikurudishe nyumbani. Dakika chache kabla ya mvua, anga huwa zito na kuta za rangi hung'aa chini yake.

Watu wanaganda wakiona kamera

Kwenye mfululizo, picha ya kwanza mtu anafanya kazi, ya pili amesimama wima mikono ubavuni. Au zote zimepigwa kutoka mbali, mgongoni, kwa wizi. Hapo shida haijawa ya mpangilio bado. Hujaongea naye.

"Habari ya kazi, mama. Naomba kupiga picha ya mikono yako ukipara samaki. Uso hautaonekana."

"Piga, lakini usinicheleweshe, wateja wanangoja."

Mazungumzo mafupi namna hiyo yanakupa nafasi ya kusimama hatua moja kutoka kwake, na kutoka hapo unaona magamba yaliyonata kwenye vidole na kisu kilichonolewa mpaka kikawa chembamba. Piga, mwonyeshe, nunua samaki ukiweza, kisha kaa kidogo. Picha nzuri huja akishasahau kwamba upo. Akikataa, shukuru na uondoke. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata kabla ya sheria ni heshima tu. Kwa watoto, ongea na mzazi kwanza.

Zoezi linakufa wiki ya tatu

Tazama jinsi ulivyoandika mada. "Maisha ya mjini" haikuambii utoke uende wapi. "Mikono inayopokea pesa" inakuambia. Mada pana inachosha kwa sababu kila siku unaanza upya kuamua. Chanzo kingine ni safari: zoezi linalodai nauli ya kwenda Ziwa Nakuru na ada ya kuingia mbugani litafanyika mara moja, labda mbili. Liweke kwenye njia unayopita tayari, stendi ya matatu, duka la mkate, ngazi za ofisini. Weka siku ya mwisho, na umtafute mwenzako mmoja wa kubadilishana naye picha siku hiyo. Ukiruka wiki, usilipe deni kwa kufanya mbili pamoja. Endelea na iliyopo.

Unafanya yote haya na bado huoni maendeleo

Basi angalia kama huwa unarudi kuzitazama picha baada ya wiki kuisha. Wengi hupiga, hutuma moja kwa marafiki, hupata sifa, na kuendelea na mada nyingine. Sifa hazikuonyeshi kosa, kwa sababu rafiki anampenda aliye kwenye picha.

Chagua picha kumi na mbili za mwezi uliopita, nusu unazozipenda na nusu zilizokushinda, uzisafishe studio kwa ukubwa wa kawaida wa inchi nne kwa sita. Zitandaze mezani zikiwa kichwa chini miguu juu. Zikiwa hivyo, huoni tena mvuvi wala mama samaki, unaona mizigo ya giza na mwanga, na picha iliyoegemea upande mmoja inajifichua yenyewe. Kwa kila moja andika nyuma yake, kwa penseli, jambo moja ungelibadilisha: ningesogea karibu, ningesubiri ageuke, ningeutoa mlingoti. Zipange kwa mafungu kufuatana na ulichoandika. Fungu lililo kubwa kuliko mengine ndilo mada yako ya wiki nne zijazo, hata kama kwenye ratiba ulikuwa umeandika vivuli.